Bomba Lililoishia Darajani

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu Orlaith ametoka kwa daktari. Meno matatu yameoza! Ana miaka sita tu. Daktari kauliza tunakunywa maji gani. Nikajibu kifua mbele: ya kisima alichochimba babu yangu, matamu kuliko yote kaunti nzima ya Mayo. Akasema hapo ndipo penye tatizo. Maji ya serikali yametiwa floridi ya kulinda meno, ya kisima hayana. Na bomba la serikali linaishia darajani, mlangoni kwa jirani yangu Fergal Tuohy. Wajukuu wa Fergal hucheka hovyo barabarani, meno meupe pe. Majivuno matupu!

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda na madumu kwenye bomba la Fergal. Nikadai ni maji ya ndama. Akauliza tangu lini ndama wangu wanapiga mswaki. Nyoo! Sisi akina Geraghty si ombaomba. Nimepigia simu halmashauri, nimefoka: mtoto wa huku naye ana meno, kama wa kule darajani! Mhandisi anakuja Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi

Mhandisi ni mama wa Kiholanzi, Maaike. Mke wangu Nuala alimkaribisha chai. Akaikubali papo hapo, bila haya! Kisha akauliza kama tunataka bomba, bure kabisa. Nikasema hapana, msijisumbue, kisima kinatutosha. Mtu aliyelelewa vyema hukataa mara mbili, ya tatu ndipo anakubali shingo upande. Nani asiyejua? Nikangoja aulize tena. Akanishukuru kwa kusema wazi, akaenda zake.

Nuala hasemi nami.

Jumapili, 9 Machi

Fergal kanishika baada ya misa. Kasema kiburi changu kitamng'oa mtoto meno. Orlaith alikuwa kando, shavu limevimba. Iliniuma sana. Fergal kaahidi kumweleza yule mama desturi zetu, ila kaniapisha: nikiulizwa, niseme ndiyo. Nimeapa.

Jumatatu, 10 Machi

Maaike kapiga simu. Mnataka bomba? Hapana, msijisumbue. Kweli hamtaki? Aa, mna kazi nyingi. Kabla hajafika ya tatu, Nuala kaninyang'anya simu, akapiga ukelele wa ndiyo hadi mbwa akabweka. Mwanamke hana subira!

Lakini bomba linakuja! Orlaith atakunywa maji kama ya wenzake, na nimeyapata mimi, kwa adabu zangu.

Jioni Fergal kaja kutupongeza. Nikamtolea chupa ya wiski, shukrani. Akasema hapana, nisijisumbue.

Nikairudisha kabatini. Siwezi kumlazimisha mtu.