Mbegu Kwenye Sanduku la Aiskrimu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, asubuhi kweupe. Siku hiyo Barafu, muuza aiskrimu wa mtaa mzima, alifika kwenye benchi la kahawa bila kupiga kengele, uso kama shati lililolaliwa. Lawama akamsogezea kikombe. Lawama ni mgane. Tangu amzike mkewe, aliyefia kwenye foleni ya daktari, hajasifu uongozi wowote, hata wa chama cha mazishi.

Habari ilitoka vipandevipande. Baada ya miaka chungu nzima ya kutafuta mtoto, mke wa Barafu yuko hospitali leo, tayari kuwekewa mbegu za mumewe. Barafu aliambiwa akazitoe nyumbani, maana chumba cha faragha kando ya maabara siku hizi ni ofisi ya msaidizi wa mkurugenzi. Akazipeleka hospitali. Ndani ya sanduku la aiskrimu.

Kinyozi, mwenye kibanda jirani na benchi, kahawa ikampalia. "Kwenye barafu, kaka?"

"Joto huharibu kila kitu. Umewahi kuniona nabeba mali kwapani?" Barafu akashusha pumzi. "Kumbe hizi kwapani ndiko zinakobebwa."

Mtu wa maabara alichungulia kwenye hadubini, hakuona hata moja inayotikisa mkia. Kinyozi akabisha: mbona kasikia zinagandishwa miaka na zinazaa? Barafu akaeleza alivyoelezwa, kwamba hizo hutiwa dawa kwanza, zikapozwa kwa mitambo yake. Zake yeye zilishindiliwa kati ya embe na vanila.

"Asilaumiwe," Lawama akasema. "Wamempa kikombe, wamempa mfuniko, maneno wamebaki nayo. Msaidizi anapepewa na kiyoyozi, mbegu za raia zinazurura kwa baiskeli."

"Wameniambia nilete nyingine kabla ya adhuhuri. Yai halisubiri."

"Sasa hapa umefuata nini?" Kinyozi akauliza.

"Nimejaribu, kaka. Kila nikifumba macho namwona huyo msaidizi wa mkurugenzi."

Hata Lawama alicheka, ingawa hakutaka. Kinyozi akatoa ufunguo wa chumba cha nyuma ya kibanda chake. Barafu akautazama kama mtu aliyepewa mtihani wa darasa la mwenzake.

Simu yake ikaita. Alipobonyeza, sauti ya mkewe ikasikika benchi zima, ya upole, yenye usingizi kidogo.

"Mume wangu, nesi anasema umetoka mara moja. Kwani umesahau nini?"

Lawama akaangalia ndani ya kikombe chake. Kinyozi naye hivyohivyo.