Senene wa Salvina na Kirusi Kisichoonekana

Kwa Daktari Benitha,
Kliniki ya Watoto Waliopandikizwa Ini.

YAH: OMBI LA KUMWACHIA MJUKUU WANGU DAMU YAKE

Mwanangu Daktari, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Mimi ni Bi Kokushubira wa Ihembe, bibi yake Salvina, yule mtoto aliyepewa kipande cha ini la mama yake, mkamwana wangu Gloriose, kule India. Hapa nyumbani hatujambo. Mtoto anakimbiza kuku mpaka kuku wanaomba poo. Ndiyo maana nalalamika.

1. Mnamtoa damu mtoto mzima. Kila tukija, sindano. Nikiuliza anaumwa nini, unajibu kwa upole kwamba haumwi, ila mnaangalia kama kirusi fulani kimepanda kwenye damu yake. Hongereni sana! Huku kwetu mtu huugua kwanza, ndipo akapimwa. Ninyi wasomi mnapima kwanza, ugonjwa mtautafuta baadaye.

2. Mmempa dawa ya kulaza kinga ya mwili ili isilikatae ini la mama yake. Sawa. Kisha mnaogopa kirusi kitapita. Yaani mbwa mmemlaza wenyewe, halafu mnazunguka na tochi mkitafuta mwizi! Si mngemwamsha mbwa? Ah, akiamka sana atamng'ata mgeni, yaani ini. Kweli mna kazi.

3. Hili ndilo lililonichoma. Ulisema mbele ya mkamwana wangu kwamba kirusi hicho hukaa kwenye mate ya watu wazima wengi, hata wasioumwa, kwa hiyo nisimtafunie mjukuu wangu senene, wale panzi wetu watamu. Lo! Mdomo huu umewatafunia wanangu wote, akiwemo baba yake Salvina, ambaye leo ana kitambi. Senene wa kukaanga ni wakavu na meno ya mtoto bado machanga. Sasa nimtafunie nani, paka? Tangu siku hiyo Gloriose anautazama mdomo wangu kama shimo la nyoka. Nikimsogelea mtoto kumbusu, mama yake anakohoa. Nimeumia, mwanangu, sikufichi.

4. Kwa kuwa mate yangu yamekuwa hatari ya taifa, naomba msiishie kwangu. Bibi wote wa Karagwe na Kyerwa wafungwe midomo kama ndama wanaoachishwa kunyonya. Mgeni akija, asikaribishwe kahawa ya kutafuna mpaka aonyeshe cheti cha maabara. Na kwa kuwa ulisema hata ini lenyewe laweza kuwa lilikuja na kirusi hicho, basi Gloriose naye ashtakiwe kwa kumpa mtoto uhai bila kuusuuza kwanza.

5. Hivyo basi, acheni kupima. Kirusi kisipopimwa hakipandi, na kisipopanda hakuna wa kunikataza senene. Alhamisi, siku yetu ya kliniki, msitungojee, hatuji.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule kijana wa maabara mwenye mikono ya baridi.

Ni mimi, mwenye mdomo wake,
Bi Kokushubira.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, umempigia Gloriose. Umesema damu ya safari iliyopita inaonyesha kirusi kimepanda. Nimechungulia nje: mtoto bado anakimbiza kuku, hana homa, hana chochote. Mungu wangu, kumbe ningengoja augue! Umesema tumewahi, ile dawa ya kumlaza mbwa itapunguzwa kidogo na atapimwa tena. Mwanangu, naogopa. Senene nimewatwanga kwenye kinu, atalishwa kwa kijiko chake mwenyewe. Alhamisi ni mbali; kesho tunapanda gari la kwanza. Barua hii nitakuletea mwenyewe uichane. Pima mara zote utakazo. Ila damu utoe mkono wa kushoto, tafadhali. Kwa ule wa kulia huwa amenishika kidole.