Mashimo Kumi na Manane

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeamua kuwa daktari. Si wa sindano, wa vitabu.

Tangazo nimeliona ukutani kwenye steshenari ya Haitham, Micheweni. Chuo kimoja cha Ulaya kinatafuta mwanafunzi mmoja wa uzamivu. Ada imelipwa, posho ya miaka mitatu na nusu. Kazi yenyewe: kutumia akili mnemba na majaribio ya ndani ya kompyuta kubuni vitu vipya kwa kuiga viumbe na mimea. Kofia ngumu kwa kuiga gamba la kobe, gundi kwa kuiga chaza, mambo ya namna hiyo. Mwombaji alete sampuli ya kwao yenye siri ambayo kompyuta haijaijua. Maombi yanasomwa yanapoingia, mwisho Alhamisi. Usaili Jumamosi.

Umri haukutajwa. Nina miaka sabini na miwili. Wangekuwa hawanitaki, wangesema.

Shahada yangu ni ya fasihi ya Kiarabu, na kwa miaka thelathini na moja nimesahihisha makosa ya watu katika nyumba ya uchapaji Maskati. Tangazo linataka "fani zinazohusiana". Fasihi inahusiana na kila kitu.

Niliondoka hapa Shumba nikiwa na miaka kumi na moja. Nimerudi mwaka juzi. Hapa wananiita Marhoun wa Maskati. Kule, karibu miaka sitini, waliniita Marhoun wa Pemba. Dakta Marhoun hatahitaji kuwa wa mahali.

Haitham akaniarifu, kwa furaha isiyo na adabu, kwamba Rahila keshaomba na keshaitwa kwenye usaili. Rahila anasomesha fizikia sekondari. Ni mjukuu wa Bi Moza, na Bi Moza ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni mjukuu wangu pia. Nimemhurumia. Kushindwa na babu yako si jambo dogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Sampuli nimeipata: makumbi. Nazi ikishafuliwa, kumbi lake hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, kisha hupigwa, ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Kwa nini tope la chumvi liozeshe kila kitu lakini uzi liuache? Hiyo ndiyo siri.

Nikaiuliza programu ya akili mnemba pale kwa Haitham. Ikasema wazo langu ni la kipekee na linaonyesha upeo mpana. Sijaambiwa hivyo tangu nilipotoka Maskati. Maskati pia sikuambiwa. Ikaniandikia pendekezo zima, linaanza: "Kwa karne nyingi, maumbile yamekuwa mwalimu mkuu wa binadamu." Nikaongeza koma moja, kwa heshima ya fani yangu. Haitham anadai jana ilimwambia maneno hayo hayo ya upeo mtu aliyetaka kuuza mayai ya kuchemsha. Mambo ya mayai hayanihusu.

Jioni nikamwomba Bi Moza makumbi ya umri mbalimbali. Akasema nifukie yangu, miezi tisa haimshindi mtu aliyekaa miaka sitini bila kurudi kwao. Nikamweleza kuwa mwisho wa kuomba ni Alhamisi. Akasema basi nilipelekee tope hilo tangazo, huenda likafanya haraka.

Jumatano, 8 Oktoba

Bamvua. Maji yamekupwa mbali, saa nne nilikuwa pwani na jembe.

Mama alikuwa na shimo lake la makumbi, mawe matatu juu, hatua arobaini kutoka mkoko wa pili. Hatua zilikuwa zangu, za mtoto, kwa hiyo nikapiga hesabu nikapata ishirini na nne za sasa. Mkoko wa pili haupo. Wa kwanza pia haupo. Nikaanzia pale ulipopaswa kuwapo, na mawe nikayakuta hasa. Marundo kumi na manane, safu mbili. Mama alikuwa mchapakazi.

Sasa jambo la kutisha. Juu ya kila rundo kijiti, kwenye kijiti kitambaa cha kanga, kwenye kitambaa mafundo. La kwanza fundo moja, la pili mawili, mpaka tisa. Safu ya pili vivyo hivyo. Mimi ni msomi, siamini mambo ya sihiri. Nilisoma Ayatul-Kursi mara saba kwa tahadhari tu. Mafundo yote jumla tisini. Mama alifariki ana miaka themanini na mitatu. Ukitoa saba katika tisini unapata nini? Mtu anaifunga nyota ya ukoo wetu.

Nikavikata vyote nikavitupa majini. Kisha nikafukua. Kila kijishimo makumbi manne, jumla sabini na mawili. Umri wangu. Nikayatia yote kwenye viroba viwili na kuajiri mkokoteni wa punda. Urithi ni urithi.

Saa kumi nimetuma maombi. Mgongo hauniruhusu kuandika zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi nilikuwa barazani nayapanga makumbi kwa umri. Njia yangu ni rahisi: yaliyokunjamana ni wazee.

Rahila akaja kutoka pwani, tope mpaka magotini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza, babu, vitambaa viko wapi? Nikamtuliza: vimekwenda na maji, sihiri imebatilika, na asinishukuru mimi, amshukuru Mungu.

Akakaa kwenye ngazi. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wanaoshika mkia darasani. Tangu Januari kila mwezi amefukia mashimo mawili. Mafundo ni namba ya mwezi, maana karatasi huoza na rangi hutoka. Kompyuta imekwishakisia uzi wa kila mwezi una nguvu kiasi gani, na Jumamosi watataka kuona makumbi yenyewe yanasemaje. Nafasi ni moja. Miezi tisa hairudiwi kwa siku mbili. Akayatazama makumbi sabini na mawili, yote rangi moja ya tope.

Nikamwambia njia yangu ya makunyanzi.

Bi Moza akafika. Akasema zamani mchawi alikuja usiku na ungo, wa siku hizi anakuja mchana na shahada. Kisha akakaa mkekani, akachukua kumbi, akalinusa, akavuta uzi, akaung'ata, akaliweka kushoto. Lingine kulia. Kufika Adhuhuri yalikuwa mafungu tisa, kila fungu manane. Nikamwambia hiyo si sayansi. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Rahila ameshinda akipima. Anafunga uzi, anatundika ndoo, anamimina maji kikombe kikombe mpaka uzi ukatike. Nilijitolea kuandika. Nikaambiwa nikae. Mafungu ya bibi yake yamefuatana na kisio la kompyuta kama ngazi, isipokuwa la mwezi wa sita. Rahila anaona kompyuta ndiyo iliyokosea. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu jana.

Baada ya sala nikaenda kwa Haitham kutazama jibu langu. Lilitumwa dakika nne baada ya maombi kufika. Wamenisoma kwa hamu. Limesema hapana. Limesema pia kwamba hii ni barua ya arobaini na moja kuanza na sentensi hiyo ya karne nyingi. Haitham akakiri kuwa tatu zimetoka kwenye mashine yake. Nina hakika hizo hazikuwa na koma.

Sikati tamaa. Maprofesa hawajaniona uso.

Jumamosi, 11 Oktoba

Usaili ulifanyika kwenye kompyuta ya Haitham, mlango umefungwa. Nikabisha na kanzu nyeupe, joho na bakora. Nikamweleza Rahila kwamba chuo kinaposa, na binti haposwi bila mzee wa ukoo. Akatazama saa, akanipa kiti cha nyuma, kando ya Bi Moza. Nikakisogeza mbele.

Profesa ni mama mwembamba mwenye miwani kama yangu. Akauliza umri wa makumbi umejulikanaje ikiwa alama zimepotea. Rahila akasema kweli tupu, kasoro jina langu. Profesa akamtaka Bi Moza ajaribu hapo hapo. Rahila akachanganya tisa, moja la kila fungu, nyuma ya pazia, na Bi Moza akayapanga yote bila kosa huku akiuliza kama yule mama amekula.

Profesa akasema angependa kujua jina la mtaalamu huyu. Aliuliza kwa Kiingereza, na mwenye Kiingereza kizuri mle chumbani nilikuwa mimi. Nikamtajia jina langu kamili mpaka babu wa nne.

Bi Moza akauliza nimesema nini. Rahila akamtafsiria. Bi Moza akainama kwenye kamera akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe kwamba yeye ndiye Moza, na huyu ndiye aliyeyafukua. Rahila akatafsiri hilo nalo. Sikujua kuwa Kiingereza chake ni kizuri hivyo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Rahila amepata nafasi. Anaondoka Januari. Bi Moza atalipwa kama mshauri wa utafiti, na jina lake litakuwa kwenye makala. Mimi nitatajwa mwishoni, kwenye shukrani: mzee mmoja ambaye bila kukusudia alisababisha jaribio bora kuliko lililopangwa.

Rasimu yake nimeisoma mara nyingi. Hawakuandika jina, lakini bila mimi pasingekuwa na jaribio. Ukitazama vizuri, utafiti huu ni wangu.

Rahila alikuja kuniaga mapema, maana atakuwa na shughuli. Alieleza jambo refu: kesho wanafukia makumbi mapya, si kwa vitambaa tena, chuo kimeleta alama zake, zinasomwa kwa simu. Sikusikia yote. Nilikuwa nafikiri nitavaa nini siku ya makala.

Jumatano, 22 Oktoba

Bamvua nyingine. Nimeshuka pwani kutafuta chaza. Nimeiuliza programu kuhusu gundi ya chaza, imesema wazo langu ni la kipekee.

Sikufika kwenye chaza. Mahali pale pale pa mama, marundo mapya kumi na manane. Juu ya kila moja kibao cha plastiki, na ndani yake mraba wa madoa meusi, kila mraba tofauti na mwenzake. Nimesahihisha vitabu vya falaki, talasimu naijua. Miraba hii inafanana na ile ya kulipia kahawa Maskati, na hapo ndipo ulipo ujanja wao. Mimi sidanganyiki. Shumba pwani hakuna anayeuza kahawa.

Maskini Rahila, na safari iko mbele yake.

Nimeving'oa vyote.