Kurasa Nne kwa Zulfa

Jumatatu, 6 Oktoba
Kwa heshima ya marehemu baba, ya mama aliye chumba cha pili, na ya kuku huyu aliye chini ya meza, naanza. Barua yangu ya mapenzi kwa Zulfa wa Narung'ombe imeondoka hapa Lionja kwa bodaboda. Kurasa nne! Nakala nimebaki nayo. Nimeisoma na kuirudia, na kila mara nimezidi kumpenda mwandishi.

Jumatano, 8 Oktoba
Zulfa kapiga simu. Barua husomwa kila jioni, wakimaliza kuokota korosho. Ushindi! Anayeiomba ni bibi yake, Bi Biasha. Zulfa humfasiria kwa Kimwera. Bibi anasema mume huyu ni wake, mjukuu atafute mwingine. Utani wa bibi, bila shaka. Lakini bibi mwenye masikio!

Alhamisi, 9 Oktoba
Kapiga tena. Kurasa zote amezirudia, hajaona mahali ninapomposa. Na Yunusi wa Likunja, asiyewahi kumwandikia hata mstari, analeta mshenga Jumamosi. Akaniuliza: kaka Faridi, unanitaka au hunitaki? Nijibu sasa hivi, akamzuie baba yake. Nampenda mno! Lakini mtu wa kiwango changu ajibu kwa neno moja, kama anayeulizwa chai iongezwe sukari? Nikamfahamisha kwamba jibu litamfikia kwa maandishi. Akakata simu. Hisia zimemzidi, maskini.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ukurasa wa tisa. Utangulizi unakaribia kukamilika. Mama kachungulia mlangoni: mshenga wa Yunusi kapokelewa, mahari imeshatajwa. Akaniambia niendelee tu kuandika, baba, wino usije ukakauka.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimelia, kwa staha. Kisha nikaisoma upya barua ya kwanza na kugundua kosa lake: ilikuwa fupi.

Jioni nimeita kikao cha ukoo. Mjomba Kassian akashauri kwamba siku nyingine niseme tu "nakutaka", nikapumzike. Nikamshukuru kwa mchango wake. Dada Samia akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikasimama. Mheshimiwa mjomba, mama yangu mpendwa, dada uliyeshika ukuta: nimeamua. Barua zote mbili zitasomwa, na mimi mwenyewe, siku ya harusi ya Zulfa. Mjomba atafute kipaza sauti. Samia aende Likunja akamwombe Yunusi atupangie nafasi kabla ya chakula, wageni wasije wakashiba wakaondoka.