Leo Nimepewa Pole ya Mume Aliye Hai

Jamani, aibu niliyoipata leo haina mfano. Naandika nikiwa kwenye benchi la mpakani, huku Koboko, na sina pa kujificha.

Mnajua kesi ya talaka yangu na Jofri haijaisha. Hakimu kule Arua alisema mpaka iishe, mmoja wetu asivushe watoto nje ya Uganda bila mwenzake kukubali. Sasa mama yangu yuko upande wa Kongo, anaumwa, miguu haimbebi tena, na Emanu wangu wa miaka mitatu hajamwona hata siku moja. Nilimwomba Jofri. Akaniambia niongee na wakili wake. (Wakili! Kwa kwenda kumsalimia bibi!) Nikachemka. Asubuhi nimewaogesha, Emanu na dada yake Gloria wa miaka saba, tukapanda gari mpaka Koboko, kisha bodaboda mpaka hapa.

Getini kulikuwa na afande mmoja mpole. Akawatazama watoto, akauliza, "Baba yao iko wapi?"

"Hakuna," nikajibu.

Ngojeni kwanza kabla hamjanihukumu. Kiswahili chetu cha West Nile tulikiokota sokoni na kambini. Mtu iko, au hakuna. Ameenda chooni, hakuna. Amehamia Kampala, hakuna. Amezikwa, hakuna. Mimi nilimaanisha hajaja nasi. Afande akavua kofia.

"Pole sana, mama."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikuufungua. (Geti lilikuwa limeshaanza kusogea, mngefanya nini?)

Kumbe huruma ya afande haikuishia hapo. Akawaita akina mama wanaouza mandazi pembeni, akawaambia huyu ni mjane, anapeleka mayatima kwa bibi yao. Wakaja na machozi yao. Emanu akapewa mandazi mawili. Mmoja wao, mtu wa kanisa kabisa, akauliza marehemu aliitwa nani ili amwombee. Nikasema Jofri. Akafumba macho, akaomba Jofri apokelewe vizuri huko aliko, asamehewe yote. (Pale kwenye kusamehewa nilitamani kumwambia asiharakishe.) Jofri mwenyewe saa hiyo yuko dukani kwake Arua, mzima wa afya.

Maombi yalipoisha nikasema amina. Tena kwa sauti.

Gloria akanivuta gauni. Hakulia. Aliuliza polepole tu, "Mama, baba alikufa lini?"

Nikamnong'oneza kwamba hajakufa. Hakuniamini, si amenisikia nikisema amina? Akawatazama wale akina mama wanaolia, akanitazama mimi nisiyelia, akaona wao ndio wanaosema kweli. Pumzi ikaanza kumkatika. Moyo uliniuma, sidanganyi. Nilijua nikimpigia Jofri simu kila kitu kimeharibika, safari, mama yangu, pengine na kesi yenyewe. Nikapiga. Na simu yangu ilivyo mbovu, husikii kitu mpaka uweke spika.

"Halo?" Geti zima likamsikia.

"Baba, wewe iko?" Gloria akauliza.

"Mimi iko. Nyinyi iko wapi?"

"Mpakani. Watu wamekuombea."

Yule mama wa kanisa akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Kisha akainama, akachukua andazi la pili mkononi mwa Emanu, akarudi kwenye meza yake. Afande akavaa kofia, akaomba simu. Jofri akamwambia watoto wake wasivuke, anakuja kuwachukua mwenyewe.

Basi tumekaa hapa benchini tunamsubiri marehemu. Mama yangu amepiga kuuliza tumefika wapi, kuku ameshachinjwa. Gloria ndiye aliyechukua simu akamwambia, "Bibi, hatuji." Alipokata akanigeukia.

"Mama, bibi naye ni mgonjwa kweli?"

Nimeapa mara tatu. Ananitazama tu.

Mnaotaka kucheka, chekeni huko huko kwenu, msinitumie vikatuni humu kundini. Jofri bado ni mwanachama. Na wewe Jofri, kabla hujampelekea wakili haya yote, ukija beba sweta ya Gloria. Huku kunapoa.