Kokushubira na Pembe ya Diwani

Sogeeni, enyi watu wa Itiryo, na ninyi wa Nyarero mnaojidai mmeshasikia kila kitu. Tueni majembe, fungeni ndama, mwambieni yule anayepukuchua mahindi apunguze kelele. Hapa itasimuliwa habari ya jioni ile Mwalimu Kokushubira binti Ponsiano alipofungua barua pepe. Naam, barua pepe moja. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Kokushubira huyu, mshika chaki, mpasua vyura, simba jike wa maabara isiyo na maji, alizaliwa Muleba penye migomba, serikali ikamng'oa huko ikamleta Itiryo kufundisha Baiolojia. Mwaka wa kwanza alilia kila alipowekewa ugali. Mwaka wa sita aliudai mwenyewe. Alipanga chumba kwa Mama Rhobi, mjane mwenye shamba la mihogo, na mihogo hiyo ndiyo iliyompeleka vitani. Misimu miwili mfululizo mama wa watu aliing'oa akaikuta imeoza ndani, kahawia tupu, na huku majani juu yalikuwa yakipendeza. Kokushubira aliitazama kwa hadubini ya shule, ile yenye lenzi iliyopasuka, kisha akaapa mbele ya sufuria tupu kwamba atakwenda kuusomea ugonjwa ule mpaka aujue na ukoo wake.

Ndipo akaomba ufadhili wa shahada ya uzamili. Waombaji walikuwa elfu nne na ushei, na nafasi kumi na tano. Wakamwambia aeleze kwa maneno mia tano kwa nini anastahili. Akaandika mia tano na matatu, akakesha akilia, asijue ni yapi matatu ayachinje. Akatuma, na wakuu wa ufadhili wakanena: majibu yatatoka katikati ya mwezi. Hawakutaja mwezi gani.

Akasubiri katikati ya Machi. Akasubiri katikati ya Aprili. Mei ilipofika katikati alikuwa amefundisha usanisinuru kidato cha tatu mara tatu, na wanafunzi, kwa adabu zao, waliunakili mara tatu. Kijiji kizima kikaingia katika kusubiri kule. Akisema, "Shikamoo, mzee," hujibiwa, "Marahaba. Wamejibu?" Akinunua chumvi huulizwa hivyo hivyo. Kanisani waliombewa wafadhili wapewe moyo wa nyama, na sadaka ikapitishwa.

Basi Jumamosi moja, saa tisa na nusu alasiri, akiwa anafua, simu ililia. Ulikuwa ujumbe mfupi, uliotumwa Alhamisi ukafika siku hiyo kwa hiari yake: "Soma barua pepe yako. Jibu kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumamosi." Akaikamata kwa mikono yenye povu, akasoma.

"Mama Rhobi!" akapaza sauti. "Wamejibu, na sijui wamesemaje!"

"Aliyekataliwa haambiwi ajibu," alisema Mama Rhobi, akiwa tayari ameshajifunga kanga. "Twende kwenye jiwe."

Fahamuni kwamba Itiryo ile simu za kuongea hupatikana kwa kubahatisha, bali intaneti hukaa mahali pamoja tu, juu ya jiwe bapa nyuma ya boma la Mzee Mwikwabe, jiwe lenye ukubwa wa kitanda cha futi nne. Ukizidi hatua mbili mashariki, simu inahama nchi, inakukaribisha Kenya, na kifurushi chako kinagoma. Na juu ya jiwe hilo, siku hiyo, saa hiyo, alikuwa amelala fahali. Jina lake Diwani, mali ya mzee huyo, mwenye nundu, mwenye pembe za kutisha, akicheua bila haraka yoyote duniani, na hapakubaki pa kuweka hata ndala.

Kokushubira alinyoosha mkono wenye simu juu ya mgongo wa mnyama. Mtandao ukaja. Mkono ukachoka ukashuka, mtandao ukaenda zake. Alijaribu tena mara saba, na Diwani hakumpa hata jicho.

"Usimguse!" Mama Rhobi akaonya. "Ng'ombe wa mtu huombwa kwa mwenyewe."

Wakamwendea Mzee Mwikwabe. Shujaa wetu alitaka kusema shida yake mlangoni kabisa, lakini mzee akainua kiganja.

"Hapa kwangu shida haisemwi na mdomo mkavu," akasema. "Kaa. Kunywa uji."

Uji wa mtama ukaletwa, nao ulikuwa wa moto. Lo! Nani atayaeleza mateso ya kibuyu kile? Saa ilikuwa kumi na dakika kumi. Akapuliza, akanywa, akaungua ulimi, akanywa. Mzee aliuliza habari za Muleba, za wazazi, za mgomba mmoja mmoja. Saa ikawa kumi na nusu, kibuyu kikaonekana kitako, na hapo ndipo akaruhusiwa kusema.

Mzee Mwikwabe alisikiliza, akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mwalimu," akanena, "Diwani hainuliwi. Nilimpa jina hilo kwa sababu akishakalia kiti hasikii anayemwita. Mama yake ndiye ng'ombe pekee niliyebaki naye mwaka ule wezi waliponifagilia boma, na mwana wa mama yule simbughudhi mimi, habughudhiwi na serikali. Lakini kukuazima pembe, hilo linazungumzika. Akisifiwa huwa anainua kichwa, anatulia tuli. Fungeni simu yenu hapo."

Wakarudi jiweni wote watatu, Mama Rhobi akavua kitambaa cha kichwani. Akaifunga simu kwenye pembe ya kulia, kioo kikiwaelekea, naye mzee akaanza kumsifu:

"Diwani, mwana wa Mweupe! Wewe uliyevuka Mto Mara ukiwa ndama, mamba wakakupisha!"

Kichwa kikapanda juu kwa fahari, kikageuka mashariki. Simu ikalia: Karibu Kenya.

"Huko siko!" akapiga kelele Kokushubira. "Mrudishe nyumbani, mzee!"

Mzee akazunguka mbio upande wa magharibi, na miaka yake sabini na mbili, akamsifia huko. Shingo ikafuata sifa, kama zifanyavyo shingo zote. Mtandao ukarudi. Barua ikafunguka mstari kwa mstari, na Kokushubira akaisoma kwa sauti:

"Tunasikitika kukuarifu kwamba hukuchaguliwa miongoni mwa kumi na watano. Hata hivyo, umewekwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Je, ungependa kuendelea kusubiri? Bonyeza Ndiyo."

Diwani akaendelea kucheua. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na nne.

"Sibonyezi," alisema Kokushubira, na machozi yakamtoka waziwazi. "Nimechoka. Nimesubiri mpaka nimeona aibu kununua chumvi. Kumbe nimekunywa moto ili niulizwe kama nitasubiri tena!"

"Nyuma yako wako wangapi?" akauliza mzee.

"Elfu nne."

"Na mbele?"

"Kumi na watano."

"Basi umepita elfu nne unalia," alisema mzee, akapumua, akaendelea kumsifu fahali maana kichwa kilikuwa kinashuka.

Mama Rhobi akamshika mkono, ule wenye povu lililokauka.

"Mwalimu wangu, mihogo yangu imeoza mara mbili. Unajua mwezi wa pili nilifanya nini?"

"Ulipanda tena."

"Nilipanda tena, nawe ulinishikia jembe. Bonyeza."

Hapo Kokushubira akajifuta uso, akaegemea shingo ya Diwani, akanyoosha kidole kilichoshika chaki miaka sita, akabonyeza. Duara likazunguka. Likazunguka. Sifa za Diwani zikamwishia mzee, akamsifu mama yake, akamsifu bibi yake, na alipokosa ng'ombe akamsifu mwalimu: "Kokushubira, mwana wa Ponsiano! Wewe uliyemaliza uji wa moto!" Fahali akatulia tuli. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, kioo kikaandika: Asante. Jibu lako limepokelewa.

Mama Rhobi akapiga kigelegele kilichotoa watu mashambani, wakaja mbio na majembe, wakidhani kuna wezi. Walipoelezwa, wakashangilia vilevile. Diwani akainuka kwa hiari yake, akashuka jiweni, simu ingali imefungwa kwenye pembe, ikabidi ifuatwe mpaka mtoni.

Na kesho yake asubuhi, Mwalimu Kokushubira alipita njiani kichwa juu, daftari kwapani, mzee wa kwanza akamtokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wamejibu?"

"Wamejibu, mzee," akasema. "Wameniruhusu kusubiri."

Mzee akavua kofia.