Kasha la O Limejaa

Jumatatu, 5 Machi 1956
Bwana Meneja ametangaza! Kiwanda kizima cha pareto kitapewa blanketi kabla ya mvua, moja kwa kila namba ya kazi. Asichukue mtu mara mbili. Karani atakayeyazuia hayo bila kuchelewesha foleni ndiye karani mkuu. Ndung'u, karani mwenzangu, ataandika namba daftarini, kisha azisome zote kila mtu anapofika. Maskini. Mimi, Dalmas Obura, nina akili. Vikasha ishirini na sita, kimoja kwa kila herufi. Mtu akija, natazama kasha la jina lake tu. Kadi yenye namba yake imo? Keshachukua, aende zake! Haimo? Nampa blanketi na kutia kadi yake humo. Nimeshamwandikia Mama kule Kisumu kwamba cheo nimepata. Kwa nini nimcheleweshee furaha?

Jumanne, 6 Machi
Nimepigilia misumari mchana kutwa. Kidole gumba kimevimba. Vikasha vinapendeza mno. Nasimiyu, anayetupikia chai, ameuliza kwa nini nisitumie tarakimu ya mwisho ya namba. Eti makasha kumi yangetosha na kadi zingejigawa zenyewe. Nikamwambia chai yake inanuka moshi. Ndung'u alikuwa pembeni, anakunywa yake na kusikiliza.

Jumatano, 7 Machi
Balaa! Wa kwanza Ogola. Kasha la O. Halafu Otieno, Okello, Odhiambo, Omondi. Wanawake nao: Naliaka, Namalwa, Nafula, wote kasha la N. Q tupu. X tupu. Kufikia saa nne kadi za O zilikuwa zinamwagika sakafuni, nami nazipekua moja moja huku foleni ikinitukana. Ogola akauliza kama mimi, Obura, sikujua watu wetu wanaitwaje. Swali baya sana.
Na Ndung'u? Madebe kumi, sifuri hadi tisa. Anatazama tarakimu ya mwisho, anapekua kadi chache, anatoa blanketi. Mwizi!

Alhamisi, 8 Machi
Ndung'u ndiye karani mkuu. Nimelia kidogo stoo. Barua ya Mama imefika: anakuja Jumamosi kwa treni, na kuku.

Jumamosi, 10 Machi
Mama kashuka stesheni, akataka kwanza kuona kiti changu. Tulipoingia ofisini Ndung'u alimtazama Mama, akamtazama kuku, akasimama. Akaniambia samahani, mzee, nilikuwa nakupangusia kiti. Nikakaa. Nasimiyu akaleta chai na kumwambia Mama hapa hakuna anayechapa kazi kama mimi. Mama alilia kwa furaha. Niliona aibu, kweli niliona aibu. Nilikusudia kumwambia ukweli, lakini kuku alikuwa mnono.

Jumapili, 11 Machi
Mama amerudi. Nimewaza kanisani muda wote wa mahubiri. Mwezi wa tano watagawa viatu vya mpira, na safari hii Ndung'u atanitambua. Majina ndiyo yaliyoniponza. Nitapanga kwa siku ya kuzaliwa! Vikasha mia tatu sitini na sita. Tarehe zote zimo kwenye fomu za kazi, nazijua vizuri: karibu wote hawakujua zao, nikawaandikia mwenyewe Januari mosi.
Kesho nanunua misumari.